Bafu la Mama Esnath

Ukungu wa Julai ulikuwa bado umelalia mabati ya Makambako pale Sajenti Masumbuko alipofungua kufuli la bafu, akausukuma mlango kwa ncha ya buti, kisha akarudi nyuma upesi. Askari mzima, mwenye mabega ya kubebea magogo, anaogopa bafu. Ida Mtewele alimwona lakini hakumcheka. Yeye mwenyewe alikuwa anakaza mikanda ya barakoa yake ya gesi kwa mara ya pili.

"Walikufia humu humu?" aliuliza.

"Wote wawili. Jumatatu yule mama wa viazi, Fidelia. Alhamisi dereva wa mbao, Severini. Kila mmoja aliingia na ndoo yake ya maji ya moto, hakutoka. Na hakuna aliyepiga kelele, mkemia. Gesti imejaa watu, ukuta wa tofali moja, wote wanasema walisikia maji yakimwagika, basi. Halafu kimya."

Ida hakuwa polisi. Alikuwa mkemia wa ofisi ya usajili wa viuatilifu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kuchosha macho tu. Kabla dawa yoyote ya shamba au ghala haijaruhusiwa kuuzwa, yeye huichambua hadi ajue ndani mna nini, kwa kiasi gani, na kiwanda kimeacha uchafu gani. Matokeo hayo hutunzwa, na tangu hapo dawa hiyo inajulikana kwayo, kama mtu anavyojulikana kwa alama za vidole. Alikuwa Njombe kukagua dawa za viazi, polisi walipomwomba apitie Makambako kutazama vifo ambavyo daktari ameshindwa kuvisemea.

Maana daktari alikuta miili isiyo na jeraha. Maji ya ndoo yalipimwa, yakaonekana ni maji. Jiko la mkaa halikuwamo bafuni. Pombe ya komoni waliyokunywa marehemu jioni zile ilinywewa na wengine kibao ambao bado wapo wanadunda. Kilichobaki ni mambo mawili ambayo mtaa mzima ulikuwa unayanong'ona: bangili ya shaba mkononi mwa Severini ilikutwa imegeuka nyeusi tii, na mikono iliyobeba ndoo zote mbili ilikuwa ya mtu mmoja. Lukresia, mfanyakazi wa gesti, mwanamke wa Ludewa, upande wa ziwani.

"Mnampeleka lini Njombe?"

"Leo saa kumi. Shitaka la mauaji." Masumbuko alikuna kidevu. "Na nakuambia ukweli, mkemia, huko mahabusu ana usalama kuliko nje. Jana walikuja na petroli kuchoma jiko lake. Wanasema anachemsha maji na dawa za ziwani."

Ida aliingia.

Lilikuwa bafu la kawaida la uani, kama yalivyo yote katika nyumba za wageni za nyanda hizi. Sakafu ya saruji, na juu yake kichanja cha mbao ili mgeni asikanyage ubaridi. Kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa gunia kuzuia upepo. Taulo la marehemu lilikuwa bado linaning'inia msumarini, na dodoki lake, kwa baridi ile, lilikuwa halijakauka, bado lina sabuni. Ida alijilazimisha kutazama kitu kimoja kimoja. Kando ya mlango palikuwa na kopo la maziwa lenye mfuniko, limejaa majivu ya kusugulia sakafu, laini, ya kijivu, yasiyo na hata kipande kimoja cha mkaa. Juu, balbu iliyokufa.

"Hiyo taa nayo," Masumbuko alisema kutoka nje. "Wanabadilisha kila mara. Inachezacheza, inazima. Wageni walianza kusema bafu hili lina mtu."

Ida alichukua bisibisi, akakata umeme, akafungua swichi. Nyaya za shaba ndani zilikuwa nyeusi kama bangili ya Severini. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha alitundika ukutani vipande viwili vya karatasi nyeupe, kimoja kimelowekwa chumvi ya fedha, kingine chumvi ya risasi, akatoka, akafunga mlango.

"Hizo za nini?"

"Kama ni hewa chafu ya mtaroni, zote mbili zitakuwa nyeusi. Kama ni kitu kingine ninachokidhania, itageuka ile ya fedha peke yake."

Walingoja. Lori lilipita barabara kuu likielekea Tunduma, likatikisa vioo vya gesti nzima. Alipofungua tena, karatasi zote zilikuwa nyeupe.

"Basi si hewa," Masumbuko alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Ni yeye."

"Au hewa hiyo haipo sasa hivi," Ida alijibu. Lakini hata yeye aliona jibu lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Mama Esnath, mwenye nyumba, alikuwa ametoka jikoni na kanga mbili mabegani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kiongozi wa kwaya, ambaye siku zote amezoea kusikilizwa.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, mama. Pole na misiba. Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Ghala langu la mahindi. Mbona hata polisi wameshaliangalia? Mahindi tu."

"Ulishayawekea dawa?"

"Niyaache yaliwe na dumuzi? Nimeweka vidonge vya Romani wa Njombe. Tukafunika turubai siku tatu, tukafunua, tukafagia, tukamaliza. Na vimesajiliwa, usinitazame hivyo. Soma mwenyewe."

Alileta kopo la bati lenye mfuniko wa kusokota. Ida alisoma namba ya usajili na hakuhitaji kuitafuta mahali. Dawa ile aliichambua mwenyewe. Vidonge vile vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo huua dumuzi, panya na yeyote mwingine mwenye mapafu. Huifanya shaba iwe nyeusi. Ndiyo aliyoidhania tangu aione ile swichi.

"Mama, vidonge hivi vikifunguliwa hunuka mkojo mkali. Hukusikia harufu hiyo gestini?"

Mama Esnath alitabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hizo zilikuwa za zamani! Zilikuwa zinanuka, wageni wanahama usiku usiku. Tulilalamika wote wenye maghala hapa mjini, Romani akatuletea hizi. Hizi nzuri. Hazinuki kabisa."

Ida aliacha kuandika. Aliomba vidonge viwili, akavifungia kwenye chupa, akamwambia Masumbuko bafu lisifunguliwe na mtu yeyote.

"Unaenda wapi? Saa kumi, mkemia. Mimi sina mamlaka ya kusogeza."

"Njombe. Nitarudi kabla."

*

Njombe nako ukungu ulikuwa haujaondoka, magari yamewasha taa mchana kweupe. Duka la Romani lilikuwa jirani na soko, limepangwa vizuri, mabomba ya kupulizia yananing'inia mlangoni na cheti cha usajili kimewekwa fremu ya dhahabu. Romani mwenyewe alikuwa amevaa koti jeupe, kana kwamba yeye ndiye daktari wa mimea yote ya mkoa.

"Dada Ida! Karibu. Leo umekuja kununua au kukagua?"

"Nimekuja kulinganisha."

Aliweka mezani mashine yake ya mkononi, akaelekeza lenzi yake kwenye chupa ya vidonge vya Makambako. Kwenye kioo ulichorwa mstari wenye vilima na mabonde. Chini yake Ida aliuita mstari mwingine, wa sampuli iliyochambuliwa wakati wa usajili. Kwa asiyejua, ilikuwa mistari miwili tu. Ida aliweka kidole pale ambapo mstari wa chini ulikuwa na kilima na wa juu ulikuwa bapa.

"Hapa unaona nini, kaka Romani?"

"Mimi mfanyabiashara, hayo ni yenu."

"Hapa palikuwa na chumvi ya onyo. Ndiyo inayonuka mkojo. Kiwanda huiweka kwa makusudi, ili mtu akimbie kabla gesi haijamfikia. Kwenye vidonge ulivyotuletea tukusajilie, ilikuwemo. Kwenye hivi haimo. Wamejaza chokaa."

"Lakini sumu yenyewe ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Basi tatizo liko wapi?" Romani alifungua mikono. "Wateja walilia na harufu, nikatafuta kiwanda kingine kisichoweka harufu. Nimeboresha, dada. Wadudu wanakufa vizuri."

"Ukaviuza kwenye makopo ya zamani, kwa namba ya zamani."

Romani alianza kupangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Unawaambia wafungue baada ya siku ngapi?"

"Tatu. Ndivyo lebo inavyosema."

"Lebo inasema siku tatu penye joto. Mstari unaofuata unasema penye baridi siku kumi na zaidi."

"Nani anasoma huko chini? Na hayo mahindi yananunuliwa na watu wa Dar, lori likifika linataka mzigo."

Ida alitazama mlangoni. Watu walikuwa wanapita na makoti mazito, mvuke ukiwatoka midomoni. Siku tatu katika baridi hii. Kidonge kilichomaliza kazi huacha unga wa kijivu usio na madhara makubwa. Kidonge kilichoganda kwa baridi nacho huacha unga wa kijivu, rangi ile ile, ulaini ule ule, ila ndani yake sumu imesinzia tu, inasubiri joto na maji. Mama Esnath amesema walifagia. Hakusema walitupa wapi.

Kisha alikumbuka kopo la bafuni. Gesti ile hupikia kuni za miti ya miwati, na majivu ya miwati siku zote yana vipande vya mkaa ndani. Yale hayakuwa na hata kimoja.

Aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Alipiga simu papo hapo, mbele ya Romani.

"Afande, kopo lile la majivu. Usilisogeze, usilimwagie maji, usimruhusu mtu kulishika. Nakuja."

"Dada Ida," Romani alisema, akiwa ameacha kupangusa. "Sampuli mliipima wenyewe. Mkaipitisha."

"Ndiyo. Ile tuliyoipima isingemuua Severini bafuni. Angeisikia akiwa mlangoni." Alichukua kopo moja kutoka rafu, akalifunga kwa lakiri. "Funga duka. Usiuze hata kidonge kimoja."

*

Uani kwa Mama Esnath palikuwa pamejaa watu waliokuja kushuhudia mchawi akipelekwa mahakamani, na badala yake walikuta mwanamke mwenye barakoa anachota majivu kwa kijiko. Masumbuko aliwasukuma hadi barabarani. Alibaki yeye, na Mama Esnath, na sufuria la maji likitokota jikoni.

Ida alinyunyiza majivu chini ya kichanja cha mbao, pale pale anaposimama mtu anayeoga. Akatundika tena karatasi mbili. Akamimina ndoo ya maji ya moto taratibu, kwa vikombe, kama mgeni anayeifaidi ndoo yake baada ya safari ndefu. Akatoka, akafunga mlango.

Kupitia nyufa mvuke ulianza kuvuja. Hakukuwa na harufu. Hilo ndilo lililomkera Masumbuko kuliko yote. Alisimama mbali, upande unakotoka upepo kama alivyoelekezwa, akinusa na kunusa.

"Mbona sisikii kitu?"

"Marehemu nao hawakusikia."

Kuku mmoja aliyekuwa anadonoa karibu na tundu la maji machafu alisimama, akainamisha kichwa, akakaa chini. Hakuinuka tena. Mama Esnath alishika kanga zake kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa yakidondoka huko ndani, tone, tone, kama kuna mtu bado anajisuuza.

Ida alipoingia na kutoka tena, alikuwa ameshika karatasi mbili kwa koleo. Ya risasi ilikuwa nyeupe. Ya fedha ilikuwa nyeusi yote.

Masumbuko alivua kofia.

"Mama," Ida alisema kwa upole ambao hakuutarajia mwenyewe, "ni nani aliagiza majivu haya yawekwe bafuni?"

"Mimi." Mama Esnath hakuwa tena kiongozi wa kwaya. "Tulipofagia ghala nikasema yasitupwe. Nikasema kama yameua dumuzi, yataua na mende, na utelezi wa sakafu. Tangu zamani sisi majivu tunayatunza, tunachanganyia maharage ya mbegu, tunafanyia kila kitu. Nikamwambia Lukresia awe anayanyunyiza kila asubuhi." Alikaa kwenye ngazi ya jikoni. "Na mimi ndiye niliyewaonyesha polisi chumba chake."

*

Gari la kumpeleka mtuhumiwa Njombe lilikuwa tayari mlangoni pa kituo, injini inanguruma. Masumbuko alimwambia dereva azime. Alizungumza kwa simu na mkuu wake kwa muda, akisema ndiyo afande mara nyingi, kisha akaenda mwenyewe kufungua mahabusu.

Lukresia alikuwa mwembamba kuliko Ida alivyomtarajia. Alitoka akiwa amejikunyata na sweta la mtu mwingine, akasimama akitazama chini, kama aliyezoea kwamba mlango ukifunguliwa ni wa kuulizwa.

"Shikamoo, afande. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, Lukresia," Ida alisema. "Leo huendi Njombe. Maji yako yalikuwa masafi. Hukumuua mtu."

Alimweleza kwa maneno machache: vidonge, baridi, unga uliofanana na majivu, harufu iliyoondolewa. Lukresia alisikiliza bila kupepesa. Ida alingoja machozi, au shukrani, au hata hasira. Hakuna kilichokuja.

"Majivu yale niliyaweka mimi," Lukresia alisema hatimaye. "Kila asubuhi. Siku ya yule mama wa viazi, na ile ya dereva, niliyazidisha, maana walilalamika pananuka mtaro. Basi ni mimi."

"Uliambiwa ni majivu. Na dawa ile ilitakiwa inuke, ukimbie hata wewe. Kuna mtu aliondoa harufu hiyo, na si wewe."

"Lakini mkono ni wangu, dada."

Masumbuko alikohoa, akasukuma kiti, akauliza swali la kiaskari.

"Majivu yote yalibaki gestini, au kuna mengine mlipeleka wapi?"

"Yalikuwa gunia zima. Mengi Mama Esnath aliyafukia kule..." Uso wa Lukresia ulibadilika pole pole, na Ida, ambaye kutwa nzima alikuwa ameangalia vitu vikigeuka rangi, aliuona ukiisha damu.

"Nilichota kopo," Lukresia alisema. "Nilipeleka nyumbani, mama ayanyunyize majivu yake yakiisha. Bafu letu lina utelezi, niliogopa Pendo ataanguka."

"Pendo ni nani?"

"Mwanangu. Ana miaka minne. Yuko na mama yangu, Mjimwema." Alikuwa ameshasimama. "Mama hawezi baridi. Humwogesha kabla jua halijashuka. Saa hizi. Saa hizi, dada!"

Masumbuko alikuwa tayari ametoa simu yake. Lukresia aliitaja namba mwenyewe kwa kichwa, tarakimu zikimgongana mdomoni, ikabidi arudie. Simu iliita. Iliita hadi ikakatika. Dereva aliwasha gari bila kuambiwa, lakini wote walijua Mjimwema haifikiki kwa dakika walizokuwa nazo. Masumbuko alipiga tena, akampa Lukresia.

"Mama!"

Kilichofuata kilikuwa Kipangwa, lugha ya kwao, kwa kasi, na Ida hakuambulia ila jina la mtoto, na majivu, na maji. Kisha Lukresia akabana simu sikioni. Upande wa pili palisikika ndoo ya bati ikianguka kwenye saruji. Baada ya hapo hakukusikika kitu. Ida alijikuta ameshika mkono wa Lukresia, na mkono ule ulikuwa wa baridi kuliko ukuta wa kituo. Aliomba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kipaimara.

Kutoka ndani ya simu ukaja mlio mkali, wa hasira, wa mtu mdogo aliyenyang'anywa maji yake ya moto na kutolewa uani uchi katika upepo wa Julai.

Lukresia aliteleza ukutani hadi sakafuni, simu bado sikioni.

"Analia baridi," alisema. "Anamtukana bibi yake."

Mtoto aliendelea kupiga kelele, akiongeza sauti kila alipopata pumzi, na kituo kizima kikasimama kumsikiliza. Hakuna hata mmoja aliyetaka anyamaze.